Ndege wa Mahari ya Swabra

Wanaume wanne walikaa sebuleni kwa mdogo wangu Swabra, wakanywa chai yake, wakala sambusa walizokaanga majirani kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ndani ya eda, halafu wakagawa ndege wake kama watu wanaogawa nyama. Nilikuwepo. Nilikuwa nyuma ya pazia pamoja naye, nikasikia kila neno. Ndiyo maana naandika. Shule niliishia darasa la sita, lakini kusahau sikufundishwa.

Ndege wenyewe ni wale kasuku wadogo wanaoenea kwenye kiganja: mgongo wa kijani, uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, na duara nyeupe kuzunguka jicho kama mtu aliyevaa miwani. Wenye Kifaransa wanawaita enseparabli, kwa sababu dume na jike wakishapatana hawaachani. Wanalala wameegemeana. Ukimtoa mmoja, mwenzake anaita mpaka sauti inakauka. Wakulima wa Mwakiro, upande wa Muyinga, wanawajua kama wezi wa mtama. Swabra amewafuga hapa Gitega, katikati ya Burundi, mtaani kwetu Shatanya, tangu mwaka wa themanini na nane, na ninaweza kusema sababu, kwa kuwa ndoa yake niliihudhuria kwa miguu na macho yangu.

Mume wake, Saidi, alikuwa fundi wa nguo kutoka Muyinga. Kwao, barazani kwa mama yake, kulining'inia tundu la matete lenye ndege wawili walionaswa Mwakiro. Tulipokwenda kule kufahamiana, Swabra alikaa chini ya lile tundu siku nzima, hata chakula akala akiwa amegeuza shingo. Siku ya nikah, kama ilivyo desturi yetu, wanaume wawili walitumwa chumbani kwa biarusi kumuuliza anataka mahari gani. Sisi wakubwa tulikuwa tumemfundisha kwa wiki nzima: aseme hereni za dhahabu na vitenge sita. Akasema, "Nataka ndege wawili wa kwao, na tundu lao." Mama akamfinya paja. Akarudia vilevile, kwa sauti ya juu zaidi. Wale wanaume walirudi msikitini wakicheka, lakini nikah ikasomwa hivyo: kwa mahari ya ndege wawili na tundu lao. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya kahawa. Saidi peke yake hakucheka. Alipanda baiskeli, akaenda Muyinga, akarudi siku ya nne, tundu limefunikwa kwa kanga, na yeye mwenyewe amechubuka goti.

Mahari ni ya mwanamke. Hilo halihitaji kusoma sana. Si ya baba yake, si ya kaka yake, na mume akishatoa si yake tena. Ndama wa ng'ombe wako ni wako, na kinda wa ndege wako ni wako. Niliweke hapa mwanzoni ili msomaji asije akasema hakuambiwa.

Hakuna aliyemfundisha kufuga. Mwaka wa kwanza aliwapa makinda avoka, yaani parachichi, kwa sababu huku kwetu avoka linaanguka juu ya bati bure na kila kiumbe kinakula, kuku, mbwa, mtoto asiye na meno. Asubuhi akakuta makinda wawili wamelala chali. Tangu siku ile hata ganda la avoka haliingii nyumbani mwake. Mgeni akija na kapu linakaguliwa mlangoni, awe nani. Akajifunza kwamba moshi wa makaa unawaua, akamwambia Saidi ahamishe jiko nyuma ya nyumba, na Saidi akahamisha. Akajifunza kusaga maganda ya mayai ya kuku ili jike apate nguvu ya kutaga. Majani ya ndizi anayaloweka, na jike mwenyewe anayachana kwa mdomo, vipande virefu vilivyonyooka, anavibeba mpaka ndani ya kisanduku cha kutagia. Saidi alikuwa akisema kuwa katika ile nyumba kuna mafundi wawili, na wa pili hadai mshahara.

Mwaka wa tisini na tatu watu walipokimbia vita, wengine walibeba magodoro. Swabra alibeba mtoto mgongoni na tundu kichwani. Walimcheka njia nzima. Hajamsahau hata mmoja wao, na mimi pia nina majina yao.

Hakuuza ndege mmoja mmoja hata siku moja. Mtu akija na pesa anataka mmoja tu, kwa sababu ana rangi nzuri, anarudishwa na pesa yake. Aliyebadilishana naye alikuwa Mushagalusa, Mkongomani wa Kivu anayeuza vitenge sokoni, ambaye na yeye anafuga. Kila baada ya miaka miwili au mitatu walibadilishana makinda ili ndugu wasioane. Mushagalusa alikuwa akipiga hodi kwa maneno yale yale: "Mama Swabra, mi nimeleta mukwe. Kuja uone kama iko na adabu."

Saidi alifariki kwa ugonjwa wa sukari. Miezi ya mwisho macho yalikuwa yamekwisha, na Swabra alisogeza tundu karibu na kitanda ili asikie. Wakati ule walikuwa na ndege wanane, yaani jozi nne. Tukamzika. Swabra akakaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki nje ya ua. Baada ya arobaini ndipo Sudi, mdogo wake marehemu, mwenye duka la magodoro na mabeseni Muyinga, alipokuja na wazee kugawa mirathi.

Cherehani, kitanda, shamba dogo la Bugendana, vyote vilipita vizuri. Halafu nikamsikia Sudi.

"Na zile ndege?"

"Iko ngapi?" akauliza Mzee Zakaria, ambaye anajua mafungu ya mirathi kama wengine wanavyojua vidole vyao.

"Nane."

Mzee Zakaria akatoa sauti ya mtu aliyefurahi. "Nane ni hesabu nzuri sana. Mke mwenye mtoto, thumuni: mmoja. Binti wa pekee, nusu: wanne. Kinachobaki ni cha ndugu: watatu. Hakuna hata mmoja wa kukatwa."

"Hata ng'ombe hawajawahi kutugawanyikia vizuri hivi," mwingine akasema, wakacheka.

Walipendezwa na ile hesabu kama mtoto aliyefaulu mtihani. Katika wale wanaume wanne hakuna aliyefungua mdomo kuuliza swali linalotangulia hesabu: ndege ni wa nani?

Swabra alinishika mkono. "Dada, watamchukua yupi?"

"Ngoja," nikamwambia. "Wataona haya."

Hawakuona. Na mimi sikuinua pazia. Hilo ni kosa langu, na nimejikasirikia kwa ajili yake kuliko nilivyomkasirikia Sudi, ingawa Sudi anafuata kwa karibu sana.

Wale wanne wa binti waliachwa, kwa kuwa binti ameolewa Rumonge na hana haja ya kuwabeba. Sudi akaingia barazani kwenye tundu kubwa, akashika jozi moja. Kwa yule wa tatu akaingiza mkono akamkamata Kibogoyo, dume mwenye mdomo uliomeguka pembeni. Mke wa Kibogoyo alikuwa ndani ya kisanduku, amelalia mayai matano, siku ya kumi. Kwa ndege hawa jike ndiye anayelalia, na dume anamlisha mdomo kwa mdomo. Dume akiondoka, jike anachagua: afe njaa juu ya mayai, au atoke na mayai yapoe.

Swabra alisema kutoka nyuma ya pazia, kwa adabu, "Shemeji, huyo ana mayai ndani."

"Dume hatagi, shemeji," Sudi akajibu.

Wakacheka tena. Akawatia watatu ndani ya katoni ya biskuti, akatoboa matundu kwa kalamu, akaondoka kabla ya sala ya alasiri.

Siku mbili nilimtazama mdogo wangu. Aliloweka ulezi, akauponda, akawa anausogeza kwenye mlango wa kisanduku kwa kijiti, kila baada ya muda mfupi, ili yule jike ale bila kutoka. Wakati mwingine alikula. Wakati mwingine alitoka, akasimama juu ya kijiti cha tundu, akaita upande wa barabara. Swabra katika mavazi yake meupe alikuwa anamwambia, "Rudi ndani, mama. Rudi ndani." Siku ya tatu nikavaa.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Muyinga. We hauruhusiwi kutoka. Mi nani wa kunizuia?"

Esansi, yaani petroli, ilikuwa hakuna mjini, kama mnavyojua siku hizi. Nilikaa parkingi kungoja gari tangu alfajiri. Mushagalusa akanikuta pale, akataka kufuatana nami.

"Bibi Zaituni, mi nakwenda na we. Huyo Sudi ataniona."

"Ukienda watasema Mkongomani anataka ndege za watu. Kaa uuze vitenge."

"Basi beba hii ulezi. Huyo muntu atakuwa anawapa wali na maharage."

Saa tano likapatikana gari dogo lililotia esansi ya magendo, tukapita Karusi, nikafika Muyinga mchana na mgongo wangu ukiwa si wangu tena.

Mke wa Sudi, Mwamini, alikuwa ameketi barazani mbele ya duka, anashona foronya kwa cherehani. Tundu lilining'inia kati ya mabeseni ya plastiki. Ndani mlikuwa na ile jozi tu, na nusu ya avoka. Sikusalimu kwanza. Nilifungua tundu nikalitoa lile avoka nikalitupa barabarani, ndipo nikasema, "Asalaam aleikum."

"Aleikum salaam, Bibi. Umelitupa kwa nini? Lilikuwa limeiva."

"Linawaua. Yule mwingine yuko wapi?"

Akavuta kikapu kutoka chini ya cherehani. Kibogoyo alikuwa ndani, amevimba manyoya, mguu umefungwa kitambaa cha maua. Wale wawili walikuwa wamemshambulia usiku wa kwanza, wakamng'oa ukucha na kipande cha kidole. Mtu aliyefuga kwa siku moja angejua: jozi haivumilii wa tatu katika tundu dogo. Lakini Sudi hakuchukua ndege ili afuge. Alichukua fungu lake.

Sudi akatoka ndani ya duka akijipangusa mikono. Wateja watatu walikuwepo, na mwendesha pikipiki mmoja aliyekuwa hana esansi wala kazi.

"Karibu, shemeji. Umekuja kuhani ndege?"

"Nimekuja kuchukua mahari."

"Mahari gani? Zile ndege mbili zilikufa zamani. Hizi zimekula mtama wa kaka yangu miaka yote."

"Mbuzi wako akila majani ya jirani, anazaa mtoto wa jirani?"

Mwendesha pikipiki akacheka. Sudi hakupenda. "Sawa, tuseme alipewa. Hapa Burundi ukigabiwa ng'ombe, ukapewa bure, unarudisha ndama kwa aliyekupa. Ni desturi. Hizi tatu ndiyo ndama."

"Kugabiwa ni mtu ameomba. Swabra hakuomba kwenu. Saidi alilipa, na alilipa mbele ya msikiti mzima."

"Shahidi nani?"

"Mimi."

"We ni mwanamke mmoja, shemeji. Ushahidi ni wanawake wawili kwa mwanamume mmoja. Bon, umeniletea nusu ya shahidi."

Wateja wakaangua kicheko. Nikangoja waishe. Nilikuwa nimefundishwa na mama yangu kwamba kicheko ni kama mvua ya radi, ukisimama chini ya paa kinapita.

"Nusu hii," nikasema, "inakukumbuka ukiwa na miaka minane. Siku Saidi alipokuja kuchukua tundu, alitusimulia mwenyewe, uliishika baiskeli kwa nyuma, ukalia, ukaburutwa mpaka kwenye kisima. Mama yako alikutoa kwa fimbo. Ulikuwa unalilia nini, kama hujui ziliondoka kwenda wapi?"

Halafu akasema kwa sauti nyingine, ya chini, "Zilikuwa ndege za mama yetu. Hakuna aliyetuuliza."

Ningeweza kumhurumia pale. Nilijaribu, ikashindikana. Mtu aliyeumizwa kwa kutoulizwa anajua vizuri sana anachofanya anapokwenda kutouliza wengine.

Lakini alikuwa mfanyabiashara, na watu walikuwa wanasikiliza. Akachukua kikapu cha Kibogoyo akakiweka mikononi mwangu. "Basi. Kwa sababu ni mjane, nimempa huyu. Sadaka. Shemeji, sema tu mbele ya watu hawa kwamba Sudi ametoa sadaka kwa mjane wa kaka yake, uende na amani."

Nilikuwa nimetia mkono kikapuni, nimemshika Kibogoyo. Moyo wake ulikuwa unapiga kwenye kiganja changu. Nilifikiri: mayai yako siku ya kumi na tatu leo, nikipata gari, jioni yuko kwa mke wake. Neno moja tu. Mimi ninayewaandikia kwa hasira hii nilikuwa tayari kulisema. Nikampigia simu Swabra ili afurahi mapema, nikaweka sauti kubwa kwa sababu masikio yangu si ya zamani.

"Swabra, ninaye Kibogoyo. Sudi anamtoa sadaka. Niseme asante, nije?"

Nikasikia yule jike akiita nyuma yake.

"Dada, mrudishie."

"Umesikia nilichosema? Mayai yanapoa."

"Nimesikia. Mayai atataga mengine. Mimi sitaolewa tena, dada. Nikimpokea kama sadaka, basi hata wale wa kwanza walikuwa sadaka, na mimi niliolewa bure. Mrudishie."

Sikujua kama ana sauti ile. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa mkali na yeye ndiye aliyekuwa mpole. Hivyo ndivyo watu walivyotugawa, na sisi tukakubali. Duka zima lilisikia. Sudi aliangalia mabeseni yake. Nikamkabidhi Mwamini kile kikapu, pamoja na ulezi wa Mushagalusa, nikamwonyesha namna ya kuusafisha ule mguu kwa maji ya chumvi. Alikuwa ameacha kushona tangu Swabra alipoanza kusema.

Nilirudi Gitega kesho yake, mikono mitupu. Swabra aliendelea na kijiti chake. Siku ya kumi na saba alimulika mayai kwa tochi ya simu, moja baada ya jingine. Yai lililo hai linaonyesha mishipa myekundu kama uzi. Yale yalikuwa na giza tupu linalotembea ukiligeuza. Matano yote. Akayafunga katika kitambaa akayafukia chini ya migomba, akanawa mikono.

Nikamkasirikia. Niliseme hilo pia. Nilimwambia, "Ungesema neno moja, leo yangekuwa hai."

"Ningesema neno moja," akajibu, "na kila siku yangeniangalia." Akarudi kuloweka ulezi, maana yule jike sasa alikuwa amekonda na hakuwa na sababu ya kukaa ndani ya kisanduku wala ya kutoka.

Siku ya tisa tangu nirudi, mchana, hodi. Ilikuwa sauti ya mwanamke. Mwamini, amebeba tundu, jozi ndani, na kikapu mkono wa pili. Nyuma yake alikuwa Mzee Zakaria na fimbo yake, anahema kama aliyekimbizwa.

Tulimkalisha Mwamini, tukampa maji. Akatueleza bila kupamba. Jioni ile ile nilipoondoka dukani, alimwita mtu wa kubeba mizigo, akamtwisha cherehani yake ikapelekwa kwa mama yake. Sudi alipouliza, alimjibu: "Ile mashini ni mahari yangu. We ukifa kesho, ndugu zako watakuja na hesabu nzuri. Iache ikae kwa mama, iko salama." Foronya hazikushonwa. Wateja wakauliza. Mtaa ukajua. Wanawake wengine wawili wakaanza kuulizana mahari zao ziko wapi, na waume zao wakaja dukani kumwambia Sudi amalize jambo lake kabla halijaingia nyumbani kwao. Ndipo akampigia simu Mzee Zakaria.

Mzee Zakaria akasimama uani, upande wa nje wa pazia, akasema kwa nguvu ili majirani wasikie, na sifa hiyo nampa. "Swabra, binti yangu. Sudi amekiri kwamba ndege ni mahari yako, wote wanane. Hesabu yangu ilikuwa sawa. Mali ndiyo haikuwa ya kuhesabiwa."

"Ungeuliza, baba," Swabra akasema.

"Ningeuliza."

"Nilikuwa hapa hapa. Hatua tano."

"Ningeuliza, binti yangu," akasema tena, akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa, na mimi sikumkaribisha.

Swabra alimtoa Kibogoyo, akamgeuza mguu, akaangalia pale palipokuwa na kidole. Akamwingiza ndani. Yule jike hakumkimbilia kama watu wanavyopenda kusimulia. Alimdonoa kichwani, akamfukuza mpaka pembe ya tundu, akamwacha pale muda mrefu. Jioni nikawaona wamekaa kijiti kimoja, wameachiana nafasi ya ndege wa tatu. Siku iliyofuata nafasi ilikuwa imepungua.

Kabla ya kuondoka, Mwamini alisitasita mlangoni. "Bibi Swabra, kuna neno nimetumwa na nimeona haya kulisema. Anauliza kama siku moja anaweza kupata jozi. Ya kwake. Kwa ajili ya baraza la mama yao."

Nilifungua mdomo. Swabra akaniwahi.

"Mwambie aje mwenyewe. Mchana, mlangoni kwangu, aombe kwa sauti majirani wasikie. Akiomba nitampa wawili, na nitamfundisha wanakula nini."

Mimi nisingempa hata unyoya. Eda imekwisha, yule jike ametaga tena, mayai manne, na Sudi bado hajaja. Swabra amenisihi kwamba siku atakayokuja nisiwepo pale nyumbani. Nitakuwepo.